Kodi Imelipwa, Mlango Umeng'olewa

Ramani ya nyumba ya Kiswahili inafahamika: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, bafu na choo. Magomeni, Temeke na Buguruni, jijini Dar es Salaam, zimejaa nyumba za namna hiyo. Chumba kimoja, kaya moja. Mama mwenye nyumba huwa chumba cha mbele, wapangaji wanachanga hela ya umeme wa LUKU, wanagawana ankara ya maji na kupeana zamu ya kudeki choo. Katika nyumba ya aina hii mpangaji anaweza kuondolewa bila mtu yeyote kumgusa.

Njia zenyewe zinajulikana na kila aliyewahi kupanga. Waya wa umeme unaokwenda chumbani kwake unachomolewa. Bomba linafungwa kwa muda usiojulikana. Kufuli la choo linabadilishwa, na ufunguo mpya unagawiwa kwa wote isipokuwa yeye. Akizidi kukaa, fundi anakuja kuutoa mlango "kwa ukarabati" na harudi nao. Jijini Nairobi, katika vyumba vya mabati, kinachong'olewa huwa ni paa. Mwaka 2020, corona ilipokausha vibarua, habari za milango na mabati yaliyoondolewa ziliripotiwa mara kwa mara. Na Nairobi ni mji ambao, kwa sensa ya 2019, kaya kama tisa katika kila kumi zinaishi kwa kupanga.

Sheria imezoea kufukuzwa kwa sura nyingine: kuna hukumu, kuna dalali wa mahakama, vyombo viko barabarani. Kwenye nyumba ya pamoja dalali wa mahakama haji kabisa. Mtu anachoka, anakodi mkokoteni usiku na kuhama. Kwenye kumbukumbu za serikali hakufukuzwa, alihama mwenyewe. Ndiyo maana mhadhara huu unauanza mjadala kwenye mlango na swichi ya taa, na kuiacha mahakama ije baadaye.

Wazo kwamba mwenye nyumba hapaswi kuwa mdai, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa wakati mmoja lilipata nguvu kwa jasho la wapangaji. Mwaka 1915, huko Glasgow, wenye nyumba walipandisha kodi wakati wanaume wengi wako vitani. Wanawake wa mtaa wa Govan, Mary Barbour akiwa mbele, waligoma kulipa nyongeza, na maofisa waliotumwa kuwatoa watu walifukuzwa kwa kurushiwa unga. Kabla mwaka haujaisha, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuzuia kodi isipande. Makoloni yaliiga mfano huo baadaye, na sheria za udhibiti wa kodi za Afrika Mashariki ni wajukuu wa vurugu zile za Glasgow.

Wajukuu hao hawakupata umri sawa. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya 1984, ikaifuta mwaka 2005 kwa hoja kwamba soko lipange lenyewe. Kenya ingali na yake, Sura ya 296 ya sheria zake, pamoja na baraza lake maalumu. Ila inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo cha kodi hiyo ni hali ilivyokuwa tarehe 1 Januari 1981. Aliyepanga bedsita Kahawa au chumba cha ghorofa Pipeline akisikia kiwango hicho atacheka. Inasikitisha, kwa sababu ndani ya sheria hiyo kuna kifungu bora kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa ukanda huu kuhusu suala hili: kifungu cha 29 kinaufanya kuwa kosa la jinai ule usumbufu wa makusudi wa mwenye nyumba au wakala wake unaolenga kumfanya mpangaji ahame au alipe zaidi. Kuzima taa ili mtu aondoke ni kosa, hata kama hakutamkiwa neno. Mtu anayekihitaji zaidi kifungu hiki amebaki nje ya uzio wa shilingi 2,500.

Je, mpangaji wa Temeke aliyepoteza udhibiti wa kodi mwaka 2005 alibaki mikono mitupu? Hapana, ingawa wengi wanaamini hivyo. Ilibaki Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya 1999. Rasimu yake iliandikwa na Profesa Patrick McAuslan, Mwingereza aliyekuwa miongoni mwa walimu wa kwanza wa kitivo cha sheria kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961. Kenya nayo, ilipoandika Sheria yake ya Ardhi ya 2012, iliweka kifungu cha 57 chenye fikra zilezile. Hapa panahitaji kutuliwa, kwa kuwa ndipo penye silaha ya mpangaji asiye na karatasi.

Mantiki yake ni hii. Mtu akiruhusiwa kukaa peke yake mahali kwa kulipa kodi, hata kama hakuna maandishi yoyote, sheria inamhesabu kuwa mpangaji wa vipindi. Kipindi kinapimwa kwa namna kodi inavyolipwa: analipa kwa mwezi, ni mwezi, analipa kwa wiki, ni wiki. Kila upande unaweza kuuvunja upangaji kwa notisi, na notisi hiyo isipungue urefu wa kipindi chenyewe, tena iishie siku ya kulipa kodi. Basi "kesho kutwa nataka chumba changu" si notisi. Hata "nakupa siku saba" si notisi kwa anayelipa kila mwezi.

Dar es Salaam wenye nyumba wamezoea kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na wapangaji huilaani desturi hiyo, kwa haki kabisa. Lakini ina upande wa pili ambao haujatumiwa vya kutosha. Ikiwa kodi inalipwa kwa miezi sita, kipindi cha upangaji kinaweza kuhesabiwa kuwa miezi sita, na notisi ifuate. Aliyetaka fedha za nusu mwaka mkononi amejifunga kwa nusu mwaka huohuo. Wakili mwerevu angeanzia hapo.

Neno zito katika kifungu ni kukaa "peke yake". Watu sita wanaotumia choo kimoja, nani kati yao anakaa peke yake? Jibu zuri lilitolewa mbali, katika kesi ya Street dhidi ya Mountford iliyoamuliwa na Baraza la Malordi la Uingereza mwaka 1985. Roger Street, mwanasheria wa Bournemouth, alimpangisha mama mmoja vyumba viwili kwa pauni 37 kwa wiki, akamsainisha karatasi iliyosema kwamba hiyo ni ruhusa tu ya kukaa na wala si upangaji. Malordi waliangalia hali halisi: kama chumba ni chake, analipa kodi na kuna muda uliowekwa, huyo ni mpangaji, karatasi iitwe jina lolote. Uamuzi huo haulazimishi mahakama za Dodoma wala Nairobi, ila unaweza kuzishawishi. Choo ni cha wote. Chumba chenye kufuli lake ni cha mtu mmoja.

Hali ya wanafunzi ni ngumu zaidi. Kile ambacho wanachuo wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hukiita kubebana hufanyika mitaani pia: mmoja anaandikisha mkataba Sinza au Changanyikoni, wawili wanalala, wote wanachanga. Wakikosana, aliyeandikishwa anamtoa mwenzake asubuhi moja, godoro likiwa mlangoni. Huyu wa pili hana chumba cha peke yake, na mwenye nyumba huenda hamjui hata kwa sura. Kisheria yuko karibu zaidi na mgeni. Dawa yake ni ndogo nayo hufanywa mwanzoni: majina yote mawili yaingie kwenye mkataba.

Haki yataka wenye nyumba nao wasikilizwe. Wengi si matajiri. Kuna wajane ambao chakula chao ni vyumba viwili vya uani, na mpangaji asiyelipa miezi minne anawala wao. Sheria inawapa njia: malimbikizo yakifika kiwango, notisi ya maandishi, kisha baraza au mahakama. Kenya inaruhusu hata kukamata mali ya mdaiwa chini ya Sura ya 293, mradi kazi ifanywe na dalali wa mnada mwenye leseni. Kukamata televisheni kwa deni hakumpi mwenye nyumba ruhusa ya kubadilisha kufuli.

Mabishano mengi huishia kwenye ushahidi. Risiti za mkono hupotea au hazikuwahi kuandikwa. Tangu M-Pesa ianze, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, simu imekuwa daftari la kodi, na sheria za nchi zote mbili zinaukubali ushahidi wa kielektroniki ukiwasilishwa inavyotakiwa. Ujumbe mmoja wa muamala kila mwezi, kiasi kilekile, namba ileile, unaeleza upangaji wote. Mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa nao ni mashahidi wazuri. Hawana mamlaka ya kuamuru mtu atoke, ingawa mhuri wao hutumiwa kutisha.

Kisingizio kingine ni kuuzwa kwa nyumba. Mzee anafariki, warithi wanauza, mnunuzi anafika Jumamosi na mafundi wa kubomoa. Lakini aliyenunua nyumba yenye wapangaji amechukua nafasi ya mwenye nyumba wa zamani, na anadaiwa notisi ileile.

Tatizo la Tanzania leo ni mlango wa kubisha. Marekebisho ya 2021 yaliyaondolea mabaraza ya kata uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi na kuyabakishia usuluhishi. Shauri haliingii Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mpaka kata ithibitishe kwamba suluhu imeshindikana, au siku 30 zipite. Kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, mwezi mmoja si kitu. Kwa mama aliyeng'olewa mlango Ijumaa jioni, akiwa na watoto na jiko la mkaa ukumbini, siku 30 ndizo zinazommalizia mwenye nyumba kazi aliyoianza. Bunge lina mambo mawili ya kufanya, na yote yanaingia kwenye ukurasa mmoja wa muswada: kuazima kutoka Kenya kosa la usumbufu wa makusudi, bila kuliwekea kikomo cha kodi, na kumpa mwenyekiti wa baraza la wilaya uwezo wa kuamuru mlango urudishwe siku hiyohiyo, huku usuluhishi wa kata ukiendelea na ratiba yake.