Hesabu ya Kisado: Nadharia ya Utambuzi kutoka Mwaloni hadi Darasani



Wiki mbili zilizopita nilikuwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, asubuhi, nikisubiri zamu yangu ya kununua dagaa. Mbele yangu alikuwa mteja wa jumla. Alitaka visado 17 (kisado ni kopo la kupimia), na bei waliyopatana ilikuwa shilingi 6,500 kwa kisado. Mama muuzaji hakushika simu wala kalamu. Huku anaendelea kupima, alisema: "Ishirini ni laki na thelathini. Toa vitatu, kumi na tisa na mia tano. Nipe laki na kumi na mia tano." Mteja akahesabu noti, biashara ikaisha.

Jioni nikampa mwanangu wa darasa la sita hesabu hiyo hiyo kwenye daftari: 17 × 6,500. Akazipanga tarakimu kama alivyofundishwa, akazidisha, akabeba, na sifuri moja ikapotelea njiani. Akaniletea 11,050 bila wasiwasi wowote. Nikamwuliza, "Haya, hao ni dagaa. Visado kumi shilingi ngapi?" Akasema sitini na tano elfu, kisha akanyamaza, akachukua kifutio.

Pengo hilo kati ya mwaloni na daftari linatuleta kwenye nadharia ya utambuzi, inayouliza akili inapokeaje habari, inaitunzaje na inaitumiaje. Ilipata nguvu katikati ya karne ya 20, wataalamu walipochoka kueleza binadamu kwa adhabu na zawadi pekee, na kitabu cha mwanasaikolojia Ulric Neisser cha mwaka 1967 kikaupa uwanja huo jina lililodumu, saikolojia ya utambuzi. Piaget, mwanasaikolojia wa ukuaji wa mtoto, tunamfahamu sote, pengine kupita kiasi. Vyuoni tulikaririshwa hatua zake nne, pamoja na umri wa kila hatua, ili tujibu mtihani. Nadharia inayosema mtoto hujenga maarifa yake mwenyewe, sisi tulimeza kama vidonge.

Kisa cha daftari na dagaa kina ndugu yake Brazil. Mwaka 1985, Terezinha Carraher na wenzake walichapisha utafiti wa watoto wachuuzi wa mji wa Recife. Watoto hao walipoulizwa bei wakiwa kwenye biashara yao, majibu 98 katika kila 100 yalikuwa sahihi. Hesabu zile zile zilipoandikwa kwa tarakimu tupu, majibu sahihi yalishuka hadi 37 hivi. Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali akili yake inaposhika. Mwaloni, namba zina uzito na harufu, na kosa linaumiza mfuko papo hapo.

Lakini sikuja kusifia soko. Hesabu ya mwaloni ina mpaka wake. Mama yule ukimletea mkopo wa riba inayopanda juu ya riba, njia ya "toa vitatu" haitamfikisha mbali, na hapo ndipo wakopeshaji wajanja wanapomsubiri. Anahitaji tarakimu za daftarini kama mwanangu anavyohitaji dagaa.

Tuvuke mpaka kidogo, tubaki ufukweni. Usenge, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria hili hili, mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walichunguza watoto wa miaka 12 hadi 15. Waliwauliza kuhusu dawa za mitishamba: hutokana na nini, hutibu nini, kipimo chake kiasi gani. Matokeo, yaliyochapishwa 2001, yaliwashangaza. Mtoto aliyezifahamu zaidi dawa hizo ndiye aliyeelekea kupata alama ndogo katika majaribio ya aina ya shule. Maelezo waliyotoa nayaona ya kweli, kwa sababu nimeyaona hata visiwani kwetu. Familia ina nguvu kidogo, kwa hiyo huwekeza mahali inapotarajia faida. Mtoto atakayeendelea na shule anaachwa asome. Atakayebaki nyumbani anafundishwa yatakayomsaidia nyumbani. Sisi tunakutana naye darasani, tunaandika "uwezo mdogo", tunafunga jalada.

Katika eneo hilo hilo wachunguzi waliuliza wenyeji wenyewe akili ni nini. Wajaluo wakatoa maneno manne: rieko (maarifa na ujuzi, hasa wa shuleni), luoro (heshima), winjo (kuelewa na kukabili mambo ya maisha), na paro (fikra yenye kujituma). Mitihani yetu inapima la kwanza. Nami nadhani hata hilo inalipima nusu.

Nusu, kwa sababu ya yaliyoonekana karibu na Bagamoyo. Utafiti uliochapishwa 2002 uliwapa watoto wa shule za vijijini majaribio ya kupanga vitu kwa makundi, kufikia hitimisho, na kubaini kitu kwa maswali machache. Kisha wakafundishwa mbinu kwa muda mfupi, chini ya saa moja, wakapimwa tena. Alama zilipanda, na waliokuwa mbele mwanzoni hawakuwa lazima ndio walioongoza mwishoni. Mtihani wa mara moja hupiga picha ya mtoto amesimama. Anavyotembea hauonyeshi.

Wenzetu wa afya msidhani haya ni ya walimu tu. Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba akili hushika kwa wakati mmoja mambo kama saba hivi. Waliomfuata wanasema ni manne. Daktari bingwa naye ana uchache huo huo. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha ya ukaguzi wa upasuaji yenye vipengele 19, vingine vya kawaida mno: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, vitambaa vimehesabiwa? Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, moja ikiwa hapa nchini, Ifakara. Matokeo yalitoka Januari 2009: kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi ilibeba kile ambacho kichwa kingekiangusha.

Wavuvi wa dagaa hapa kwetu wanaelewa jambo hili bila karatasi. Wanatoka usiku wa giza, taa zao zikielea juu ya maji kuwavuta dagaa. Mbalamwezi ikikomaa, wanakaa nchi kavu na kushona nyavu. Kalenda yao iko angani, hakuna anayehitaji kuibeba kichwani. Ndani ya mtumbwi, mmoja anatazama taa, mwingine anakumba maji, wengine wameshika wavu, na "wakati wa kuvuta" ni jambo wanalolijua wote pamoja kuliko anavyolijua yeyote kati yao. Mtafiti Edwin Hutchins alieleza akili ya namna hii katika kitabu chake cha 1995, akiwatazama waongoza meli za kijeshi za Marekani. Angeweza kuja kisiwani Ukerewe, na samaki pia angekula.

Sasa niguse kidonda. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anamaliza darasa la saba akijua usanisinuru kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza anakutana na jambo lile lile kwa Kiingereza. Mtafiti wa elimu John Sweller alituonyesha tangu 1988 kwamba mzigo wa akili ukijaa, kujifunza husimama. Mtoto huyu anatumia zile nafasi nne za akili yake kutafuta maana ya maneno, na sayansi inabaki nje ya mlango. Kisha tunasema amekuwa mzito. Sera za lugha hazitaamuliwa katika ukumbi huu, lakini mwalimu anayetumia dakika tano za mwanzo kueleza wazo kwa Kiswahili anapunguza mzigo huo kesho asubuhi, na sijaona aliyejuta.

Baada ya chai tutagawanyika vikundi. Kila kikundi kitachukua swali moja la hesabu la darasa la sita na kuliandika upya mara mbili: kwanza liwe la mwaloni, kisha lirudi kwenye tarakimu tupu, mtoto akiwa bado anaona dagaa ndani yake. Hatua hiyo ya pili ndiyo ngumu. Mimi mwenyewe nimeshindwa mara tatu. Kisado cha mfano nimekuja nacho, kiko chini ya meza ya usajili. Tafadhali mtu asikipige teke. Kina mboga yangu ya jioni.