Hakuna Arukaye Peke Yake

Leo twataka kusema na wale walioacha kazi waliyoizoea, wakaanza kujifunza nyingine ukubwani. Mfano wetu ni mtu aliyekuwa mwalimu, au muuguzi, au karani wa benki, ambaye sasa yuko katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, akijifunza urubani.

Watu humpongeza sana. Lakini sisi wachungaji, tuketio na watu wa namna hii, twajua liko jambo wasilolisema hadharani, nalo ni upweke. Wenzake wa zamani wameacha kumwita chai wakidhani amekwisha kuwa mtu mkubwa; kumbe akiba yake yote imekwenda kwa karo, na hata nauli ni taabu. Darasani ameketi na vijana waliotoka shule majuzi. Wamwita "mzee", naye aona haya kuwauliza asichokielewa. Usiku nyumbani wote wamelala, naye angali na ramani na vitabu vya hali ya hewa. Polepole mtu huyu huzoea kunyamaza.

Twasema kunyamaza huko ni hatari, hata kwa kazi yenyewe. Leseni ya kwanza ya urubani kwa kawaida hudai saa zisizopungua 40 za kuruka. Katika saa hizo iko siku ambayo mwalimu hushuka katika ndege, akamwambia mwanafunzi aende mwenyewe. Kiti cha kando ki kitupu. Je, yu peke yake kweli? Hata kidogo! Fundi amekwisha kuikagua injini. Mwongozaji wa ndege aliye mnarani aisikia sauti yake redioni na kumjibu. Mwalimu amesimama chini, macho juu. Na mwanafunzi asiposikia vema, desturi ya redio ni kuomba neno lirudiwe, wala hakuna amchekaye. Anayejifanya amesikia ndiye atiaye wenzake hatarini.

Tumkumbuke Bessie Coleman, aliyezaliwa Texas, Marekani, mwaka 1892. Kazi yake mjini Chicago ilikuwa kutengeneza kucha za wateja katika duka la kinyozi. Alipotaka kujifunza kurusha ndege, shule za kwao zilimkataa kwa kuwa ni mwanamke, tena mweusi. Robert Abbott, mwenye gazeti la watu weusi mjini humo, alimshauri aende Ufaransa. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, na tarehe 15 Juni 1921 akapata leseni yake. Aliporudi hakuwasahau watu wake. Alihutubia makanisani na shuleni, na alikataa kuonyesha michezo ya ndege mahali ambapo watu weusi walizuiwa kuingia. Alitamani kufungua shule ya urubani, lakini alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1926. Hata hivyo, mwaka 1929 wengine walianzisha chama cha urubani mjini Los Angeles, wakakiita kwa jina lake. Kamba aliyoifunga kwa watu haikukatika.

Katika Injili pia twasoma habari za Lawi mtoza ushuru. Siku moja aliondoka forodhani, akaacha vyote, akaanza maisha mapya. Naye alifanya nini? Aliandaa karamu kubwa nyumbani kwake. Watoza ushuru wenzake walikuja wengi, wakaketi chakulani pamoja na Bwana Yesu na wanafunzi wake. Wako walionung'unika. Lakini angalieni: Lawi hakungoja kualikwa. Wa zamani na wa sasa aliwaweka meza moja.

Basi wewe uliyebadili kazi, usingoje wakutafute. Mwendee mwenzako wa zamani, umwambie ukweli kwamba karo ni nzito na hisabati ni ngumu. Waulize wale vijana. Kuuliza si ujinga. Tena wewe uliyefundisha miaka mingi, au kuuguza wagonjwa, unacho cha kuwapa: subira, na kutulia wakati wa hofu. Karamu si lazima iwe ya mbuzi. Chai na mandazi hutosha.

Nasi tuliobaki katika kazi zetu za siku zote, tusimwache mtu kwa sababu amebadili sare. Labda leo yuko mmoja usiyemwona tena ibadani wala kwenye mikutano ya jumuiya, nawe wadhani ana shughuli nyingi tu. Mpigie simu. Usimwulize ataanza lini kurusha ndege kubwa. Mwulize kama amekula.

Bwana awalinde walio angani na walio chini, na kwa neema yake atukutanishe meza moja. Amina.