TAA ZIKIWA MANJANO, NANI ALAUMIWA?

Ndugu wafanya kazi,

Sisi wa reli tutokao zamu usiku twategemea motakaa ya kazi itufikishe nyumbani. Taa zake za mbele zimekuwa manjano. Dereva haoni vizuri, na ajali ikitokea atalaumiwa yeye. Kwa hiyo leo twasema habari za taa.

Kifuniko cha taa hizo si kioo, ni plastiki iitwayo polikaboneti. Kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kuikinga na jua. Miaka ikipita jua huila ngozi ile, na plastiki hugeuka manjano. Mwaka 2018 AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, kilipima taa zilizochakaa hivyo. Zilitoa karibu asilimia 20 tu ya mwanga wa taa mpya.

Kazi yenyewe ni hii. Osha taa kwa sabuni. Funika rangi ya gari kwa utepe. Sugua kwa msasa wa maji namba 800, kisha 1000, kisha 2000, ukitia maji daima. Halafu ng'arisha kwa polishi.

Wengi huishia hapo, au husugua kwa dawa ya meno tu. Baada ya miezi michache manjano hurudi, maana ngozi imekwisha ondoka. Lazima taa ikauke, kisha ipakwe vanishi ya kuzuia jua.

Basi ndugu, dereva asinunue msasa na vanishi kwa mshahara wake. Gari ni la mwajiri. Tumwandikie barua kwa njia ya Chama, kabla ya ajali, si baadaye.

Umoja ni nguvu.