AMANA YA WATOTO MBELE YA KAMERA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, nanyi mnaotusikiliza majumbani, Sumbawanga mjini na vijijini kote katika uwanda wa Ufipa, sikilizeni.

Leo tunazungumzia jambo lililozua hitilafu baina ya wazazi. Je, yafaa kumpeleka mtoto katika vipindi vya televisheni vya mashindano na vya kuonyesha maisha ya watu? Wako wanaokataa katakata. Wako wasemao kuwa hiyo ni riziki, na mzazi anayekataa anamzibia mwanawe njia.

Mwaka 2019 yalifanyika mashindano ya East Africa's Got Talent, yakakutanisha washiriki wa Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Walioshinda ni ndugu wawili wa Uganda, waimbaji waliokuwa wangali watoto, wakapata dola 50,000 za Kimarekani. Habari kama hiyo ikiingia katika nyumba ya mkulima wa mahindi na maharage, si ajabu mzazi akamtazama mwanawe kwa jicho jipya.

Lakini tusikilize na upande wa pili. Mwaka 2007, nchini Marekani, kituo cha CBS kilionyesha kipindi kiitwacho Kid Nation. Watoto 40, wa miaka 8 hadi 15, walikaa New Mexico siku 40 mbali na wazazi wao, wakijipikia na kujiamulia mambo mbele ya kamera. Mtoto mmoja aliungua kwa mafuta ya kupikia. Wengine walikunywa kwa bahati mbaya dawa ya kung'arishia nguo. Na waliotia sahihi mikataba ni wazazi wao wenyewe.

Ndugu zangu, kabla ya sahihi hiyo tupime mambo matatu.

Kwanza, hiari ya mtoto. Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake, alioteshwa jambo zito juu ya mwanawe, na bado alimuuliza mwana ana rai gani. Basi sisi, tusiooteshwa lolote, twawezaje kumkokota mtoto asiyetaka?

Pili, heshima yake. Suratul Hujurat, aya ya 11, inatukataza kudharauliana. Mtoto akikosea darasani, wenzake hucheka, na kesho wamesahau. Akikosea katika televisheni, kicheko huhifadhiwa, kikamngoja mpaka awe mtu mzima.

Tatu, mali na masomo yake. Suratun Nisaa, aya ya 6, inawaamuru walezi watunze mali ya mayatima na kuwakabidhi wakomaapo, mbele ya mashahidi. Uaminifu huo ni funzo kwetu sote tushikao mali ya mtoto. Hata Ufaransa, mwaka 2020, ilitunga sheria ya kulinda mapato ya watoto wanaoonyeshwa katika video za intaneti, yawekwe akiba hadi wakue. Na Sheria ya Mtoto ya nchi yetu, ya mwaka 2009, inatanguliza manufaa ya mtoto. Kazi imeruhusiwa kuanzia miaka 14, nayo iwe nyepesi, isiyodhuru afya wala masomo. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Nani atahesabu siku za shule zitakazopotea?

Wala tusiwanyoshee wengine kidole tukajisahau. Nasi tunao watoto wanaoshindana kusoma Qur'ani mbele ya umati na kamera. Hilo ni jema, lakini mizani ni ile ile. Mtoto akilazimishwa, akatahayarishwa kwa kusahau aya, au zawadi yake ikaliwa na wakubwa, utukufu wa kisomo hautatusafisha dhuluma hiyo.

Kipaji ni neema, na neema haifukiwi. Haiuzwi pia pamoja na mwenye nayo. Mtoto akitaka kwenda, heshima yake ikalindwa, mali yake ikahifadhiwa, na mzazi akawa karibu naye, hapo mzazi na atafakari. Likikosekana moja, akatae, hata jirani wakimcheka.

Ewe Mola wetu, tuwezeshe kuitunza amana uliyotukabidhi, na utujaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu. Amin.