Harufu ya Mayai Viza Katika Pombe

(Mazungumzo mbele ya wanachama wa tawi)



Wengi wenu mmetuuliza jambo moja. Mtu atengeneza bia ya kimea nyumbani, na siku ya pili au ya tatu chombo chatoa uvundo kama wa mayai viza. Watu wa nyumbani walalamika, jirani auliza kuna nini, na mwenyewe amwaga yote. Fedha ya jasho yaenda mtaroni. Leo twataka kueleza, maana mara nyingi hapana haja ya kumwaga.

Uvundo huo ni hewa yenye salfa. Salfa imo katika maji na katika nafaka, na hamira ikila sukari huitoa kidogo kidogo. Hamira ni kama mfanya kazi: mpe kazi nyingi na posho haba, atanung'unika. Mtu akitia sukari nyingi na kimea kidogo, hamira hukosa chakula cha kuijenga mwili, na uvundo huzidi. Basi kwanza, tia kimea cha kutosha na hamira iliyo hai.

Pili, subiri. Pombe ikiumuka, hewa ya povu hupanda na kuuchukua uvundo nje. Usizibe chombo kabisa. Acha njia ya hewa, wala usiitie katika chupa kabla haijatulia. Ikingoja wiki moja au mbili zaidi, mara nyingi uvundo hutoweka wenyewe.

Tatu, harufu ya mahindi ya kuchemsha si hiyo. Hiyo hutoka katika kimea, na dawa yake ni kuchemsha kwa nguvu saa nzima, sufuria ikiwa wazi. Ukifunika, mvuke hurudi ndani na harufu yake.

Nne, kama uvundo wazidi siku kwa siku, na pombe ina utando juu na ukali usio wake, vijidudu vimeingia. Hiyo mwaga, kisha safisha vyombo vyote sawasawa. Tena wako watu wanaotia vipande vya shaba ili kuondoa uvundo. Shaba huukamata kweli, lakini ikikaa ndani ya pombe chachu huyeyuka, na shaba nyingi ni sumu. Msifanye hivyo.

Sasa, ndugu, sikilizeni neno lililo kubwa kuliko pombe yenyewe. Pua ni askari mzuri, lakini haoni wezi wote. Ile hewa ya povu haina uvundo wa kukuonya, nayo ni nzito kuliko hewa tuivutayo, hutuama chini. Usiweke mapipa yanayoumuka katika chumba kidogo kilichofungwa ambamo watoto hulala. Na hewa ya mayai viza ikiwa kidogo yanusika mara moja, lakini ikiwa nyingi huua nguvu ya pua. Mtu hudhani uvundo umekwisha, kumbe ndipo mauti yamekaribia.

Hayo huwapata wafanya kazi wanaoingia katika matangi ya kiwanda na mashimo ya maji machafu. Mmoja huanguka, mwenzake hushuka kumwokoa, naye huanguka. Kwa hiyo asishuke mtu kabla hewa haijapimwa na kubadilishwa, bila kamba ya kumvutia, wala bila mwenzake juu anayemwangalia. Na mwenzio akianguka, usimfuate mikono mitupu. Piga kelele, itwe msaada wenye vifaa vya kupumulia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampasa mfanya kazi kumwarifu mkubwa wake akiona hatari kubwa, nayo yamkataza mwenye kazi kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Msimamizi akikuambia, "Shuka tu, ni harufu," mwambie mwakilishi wetu siku hiyo hiyo. Msingoje mkutano.

Pombe ikiharibika, itapikwa nyingine. Mtu hapikwi mara ya pili.