Maji ya Kupandishwa Mlimani: Parokia za Ufuoni Zidai Nini?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wawakilishi wa kamati za parokia za ufuoni na wafadhili. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.)



Tumeombwa tuzungumzie miradi ya kuzalisha umeme kando ya ziwa kwa kupandisha maji mlimani na kuyashusha tena. Wengi waliotuuliza wameanza na swali moja: ikiwa maji yanapandishwa kwa umeme, kisha yakishuka yanatoa umeme, faida iko wapi? Swali ni la haki. Umeme wenyewe hupungua, kwani ukitumia yuniti 100 kupandisha maji utarudishiwa kati ya 70 na 80. Kinachopatikana ni wakati. Unachukua umeme wa saa ambayo hakuna anayeuhitaji na kuuweka hadi saa ambayo kila mtu anauhitaji, kama mkulima anayeweka mahindi ghalani wakati wa mavuno ili asinunue kwa bei ya kiangazi.

Hapa Kenya jambo hili lina maana. Mvuke wa Olkaria hutoka ardhini mchana na usiku. Usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na viwanda vingi vikiwa vimefungwa, sehemu ya mvuke huo huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Upepo wa Loiyangalani nao huvuma vizuri usiku, na mitambo ya huko imewahi kulazimika kupunguza uzalishaji kwa kukosa matumizi. Kisha inafika saa moja jioni, nyumba zote zinawasha taa kwa pamoja, na tunatafuta umeme wa kuagiza au wa mafuta ya bei ghali. Kwa hiyo wahandisi wanaopendekeza miradi ya maji ya kupandishwa hawaoti ndoto. Sisi tunauona mpango huo kuwa wa busara, na tunasema hivyo mapema ili msije mkadhani tumekuja kuupinga.

Lakini mfahamu kwamba mradi wa namna hii hauwezi kuwa mdogo. Mapipa matano ya lita 200 ni tani moja ya maji. Tani hiyo ikishuka mita 100 hutoa takriban robo yuniti ya umeme, kiasi cha kuchemsha lita mbili hivi za maji ya chai. Mapipa matano kwa birika la chai! Ndiyo sababu wanaotaka kuhudumia mji mzima huhitaji bwawa kubwa juu ya kilima, ziwa chini yake, na mabomba ambayo lori linaweza kupita ndani.

Mfano tutakaoutumia leo ni wa Ludington, katika jimbo la Michigan, Marekani, ukingoni mwa Ziwa Michigan. Tumeuchagua kwa sababu umekuwepo kwa zaidi ya miaka 50 na mambo yake yanajulikana. Ulijengwa kati ya mwaka 1969 na 1973 na kampuni mbili za umeme. Juu ya kilima kilicho kando ya ziwa walichimba bwawa lenye urefu wa kilomita 4 na upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu, wakalizungushia kingo za udongo na lami. Likijaa, linabeba takriban lita bilioni 100, mita 110 hivi juu ya ziwa. Mashine sita ndizo zinazovuta maji usiku, na hizo hizo hugeuka na kuzalisha umeme mchana. Uwezo wake wa kwanza ulikuwa megawati 1,872, na baadaye mashine zilifanyiwa ukarabati zikaongezewa nguvu. Kama kazi ya uhandisi, Ludington ni mradi uliofaulu.

Samaki ndio walioumia. Pampu inapovuta maji haichagui. Huvuta na kilichomo. Samoni, trauti na samaki wadogo wanaoliwa na hao wakubwa walipitishwa kwenye mashine wakipanda na wakishuka, na wengi walikufa. Mwaka 1986 serikali ya jimbo ilizishtaki kampuni hizo. Mwaka 1989 ndipo ulipowekwa wavu wa kilomita 4 hivi kuzunguka mdomo wa mtambo ili kuwazuia samaki, na wavu huo hutolewa kila majira ya baridi kwa sababu ya barafu na dhoruba. Mwaka 1996, kutokana na makubaliano ya kumaliza mashauri, ulianzishwa mfuko wa kufidia hasara ya uvuvi katika ziwa hilo, ambao una sauti za serikali, vyama vya wavuvi na jamii za wenyeji wa asili, wakiwemo Waottawa.

Hebu hesabuni nasi. Kutoka kuwashwa kwa mtambo hadi wavu ni miaka 16. Hadi mfuko wa fidia ni miaka 23. Kijana aliyekuwa akivua na baba yake mwaka 1973 alikuwa mzee wa makamo fidia ilipofika, na hiyo ni nchi yenye mawakili wa kutosha na ofisi za samaki zenye takwimu. Wavu ule haukuhitaji elimu mpya. Ungeweza kuwekwa kabla ya pampu ya kwanza kuzunguka, kama kuna aliyekuwa na nguvu ya kuudai uandikwe katika pendekezo.

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Madai ya watu wa ufuoni hayana budi kuingia ndani ya andiko la mradi, kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Yakisubiri, yatakuwa kesi.

Tuanze na samaki, na tusinakili ya Michigan bila kufikiri. Wavu wa Ludington unafaa kwa samaki wakubwa. Vifaranga na mayai hupita. Kwetu sisi samaki anayelisha nyumba ya kawaida ni omena, mdogo kuliko kidole, na ndiye mama anayekausha ufuoni na kumpimia jirani kwa kikombe. Wavu unaozuia mbuta na kumwacha omena avutwe utaokoa samaki wa hoteli na kupoteza samaki wa maskini. Kwa hiyo swali la kumwuliza mhandisi ni hili: mdomo wa bomba utakuwa kwenye kina gani, maji yatavutwa kwa kasi gani, na ni mbali kiasi gani na mazalio ya samaki? Maji yakivutwa polepole kupitia mdomo mpana, samaki mdogo ana nafasi ya kuogelea na kuokoka. Mdomo mpana hugharimu zaidi, nanyi msishangae mkiambiwa hauwezekani.

Jambo la pili ni ukubwa wa ziwa. Mkichukua lita bilioni 100 kutoka Ziwa Victoria, lenye karibu kilomita za mraba 68,800, maji yatashuka chini ya milimita 2, na hakuna mvuvi atakayejua. Mkizichukua kutoka ziwa la kilomita za mraba 150, ambao ni ukubwa wa Naivasha katika miaka mingi, maji yatashuka zaidi ya nusu mita, kisha yarudi, kisha yashuke tena. Matete ambamo samaki hutaga yangekuwa makavu leo na mafurikoni kesho. Hata mradi wenye ukubwa wa sehemu moja ya kumi ungesogeza maji ya ziwa kama hilo kwa sentimita kadhaa. Huko Scotland, Loch Ness, ambalo lina kilomita za mraba 56 tu, limekuwa na mtambo wa aina hii pale Foyers tangu miaka ya 1970, na mapendekezo mapya ya kuongeza mingine yamezua mabishano makali juu ya kina cha maji. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba mradi kama huu umefanikiwa kwingine, mwulizeni ziwa la huko lina ukubwa gani.

Tatu ni bwawa la juu. Wakenya hatuhitaji kuelezwa kuhusu bwawa lililo kilimani juu ya nyumba za watu. Mei 2018 huko Solai, Nakuru, kingo zilipasuka usiku na watu zaidi ya 40 walikufa. Taum Sauk, jimboni Missouri, Marekani, bwawa la juu la mradi wa aina hii lilivunjika alfajiri ya Desemba 14, 2005. Vipimo vya kina cha maji vilikuwa vimeacha kusema kweli, pampu zikaendelea kujaza hadi maji yakafurika ukingoni na kuubomoa. Familia moja ilisombwa pamoja na nyumba yao, na kwa bahati wote walipona. Tunataja hili kwa sababu bwawa la kawaida hujazwa na mvua, nanyi mnaweza kuona mawingu. Hili hujazwa na mashine, usiku, mkiwa mmelala. King'ora, njia ya kukimbilia na mazoezi ya kila mwaka vinapaswa kuandikwa kwenye mkataba pamoja na bei ya umeme.

Kuhusu ardhi tutasema machache kwa kuwa wengi wenu mnayajua kwa uchungu. Wananchi waliokuwa wakipinga namna ardhi ya mradi wa upepo wa Turkana ilivyotolewa walikwenda mahakamani mwaka 2014, na mwaka 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria. Mvutano haukuishia hapo. Wakati huo mitambo ilikuwa imekwisha kusimama. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inaruhusu jamii kusajili ardhi yake. Parokia zenye vilima karibu na ziwa zisaidie jamii kufanya usajili huo sasa, kabla mpimaji hajafika na vigingi vyake. Na msidharau vikao vya ushirikishwaji: mwaka 2019 Mahakama Maalum ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, na kukosekana kwa ushirikishwaji wa kweli kulikuwa sababu kubwa. Karatasi ya mahudhurio mnayotia sahihi kabla ya soda kugawiwa ni ushahidi. Someni kichwa chake kwanza.

Leseni ya kwanza ya Ludington ilidumu miaka 50, hadi 2019. Kamati inayokaa mezani na kampuni siku moja inaamua mambo ya watoto ambao hawajazaliwa, na posho ya siku hiyo haiwezi kuwa kipimo.

Basi tunapendekeza hivi. Kamati za ufuoni, pamoja na vikundi vya usimamizi wa fuo, zianze kuhesabu samaki wanaotua, kwa aina na kwa uzito, siku mbili kila wiki, kwa miaka miwili mfululizo. Bila hesabu ya kabla, hamtaweza kuthibitisha hasara ya baada. Mkiambiwa samaki wamepungua kwa sababu ya uvuvi haramu, mtajibu kwa daftari.

Kwa wafadhili wetu, ombi letu huenda likawashangaza, kwa maana halina jengo la kupigia picha. Tunaomba mizani ya samaki kwa kila ufuo, posho ndogo ya waandishi wawili, na ada ya wakili na mhandisi wa kusoma andiko la mradi kwa niaba ya jamii siku litakapoletwa. Mhandisi huyo alipwe nasi, asilipwe na kampuni. Tunajua ripoti zenu hupenda idadi ya visima na madarasa. Tuko tayari kuwaandikia idadi ya kurasa za madaftari.

Madaftari ya kwanza yako mezani kwa katibu, pamoja na maelezo ya namna ya kupima omena, ambao hupimwa wakiwa wabichi kabla ya kuanikwa. Kila ufuo uchukue daftari moja na kuandika majina ya waandishi wake wawili, na angalau mmoja wao awe mama mchuuzi, kwa sababu yeye ndiye anayekuwepo ufuoni kila mashua inapofika. Nakala ya ukurasa wa mwezi iletwe ofisini kila Jumatatu ya kwanza.