Namba ya siri si ya wakala

M-Pesa, huduma ya pesa za simu, iliingia Kongo mwaka 2012, na pesa hizo zinalindwa na tarakimu chache tu za namba ya siri. Mwizi hahitaji intaneti: anapiga akijifanya mfanyakazi wa kampuni, anadai umetumiwa faranga kwa makosa, kisha anaomba namba yako ya siri. Mtu atauliza: mzee asiyejua kusoma afanyeje, kama si kumtajia wakala namba hiyo? Ugumu huo ni wa kweli, na unaumiza. Lakini kuweka pesa kwa wakala hakuhitaji namba yako ya siri; kutoa ndiko kunakoihitaji. Basi mzee aende na mtoto wake anayemwamini, wabonyeze wenyewe. Kama umeshamtajia mtu mwingine namba yako, ibadilishe leo.